Kibodi ya Watu Wawili

Tulipomaliza kumzika Mama Loveness kule Daa, watoto wake walituomba mimi na Namnyak tushuke Karatu mjini tukawasaidie kutoa vitu dukani, maana mwenye nyumba alikuwa anataka chumba chake. Hawakujua waanzie wapi. Walijua mama yao alikuwa na steshenari, lakini hawakujua kwamba droo ya chini ina vyeti vya watu ambao hawakurudi kuvichukua, wala kwamba mlango wa nyuma haufunguki mpaka uuinue kidogo. Sisi tulijua. Tulifanya kazi kwenye chumba kile mwaka mmoja tu, tukiwa wasichana wa miaka kumi na tisa, na sasa kila mmoja ana watoto wake na shida zake, lakini mkono wangu ulipogusa ule mlango uliuinua wenyewe kabla sijafikiri. Namnyak akacheka, nami nikacheka. Halafu nikavuta droo, nikakiona kiboksi, na cheko likaniishia mdomoni.

Kilikuwa kiboksi cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kina kitufe kimoja na waya zimekizunguka kama mizizi ya kitunguu. Katikati ya waya ilikuwa imenasa bangili ya shanga, nyeupe na bluu na rangi ya chungwa. Namnyak alikuwa amenipa mgongo, anapanga karatasi kwenye boksi. Ningeweza kuirudisha droo polepole na kusema hakuna kitu. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, kila jambo la mwaka ule lilipotaka kutoka nalisukuma ndani na kuegemea juu yake, nikiwa nacheka na watu. Maana mimi ni mtu wa kucheka, kila anayenijua atakwambia.

Mwaka ule niliteremka kutoka Buger nikiwa na begi moja la shule na matokeo ya kidato cha nne ambayo sitayaeleza hapa. Nilitaka kuwa mwongoza watalii. Kila asubuhi magari yao yalipita mbele ya duka yakielekea geti la hifadhi, Wazungu wamevaa kofia wakati jua lenyewe halijatoka, na mimi nikiwa mlangoni na tambara la vumbi nilikuwa nawahutubia kimoyomoyo: mabibi na mabwana, yule pale ni korongo. Nilijua ndege watatu. Huyo korongo, kanga, na mmoja ambaye jina lake nalijua kwa Kiiraqw tu, na sikuona sababu ya watalii kushindwa kujifunza. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, kuta zimepakwa bluu hadi kifuani na juu yake nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya ardhi yetu, maana vumbi jekundu la Karatu halibishi hodi. Asubuhi za ukungu tuliwasha kompyuta mapema ili tupate joto. Mama Loveness, mwalimu mstaafu, mnene, miwani yake imefungwa uzi sikioni, aliita kila mteja "mwanangu" hata kama mteja ana mvi kumzidi. Alikuja na makande kwenye hotipoti, na Namnyak, aliyetoka ng'ambo ya geti, juu kule Nainokanoka, alikuja na maziwa mgando kwenye kibuyu yaliyonukia moshi. Siku za kwanza nilikunywa kwa adabu. Baadaye nikawa naulizia kabla ya salamu.

Kompyuta zetu zilitoka kwenye lodge moja kule juu iliyokuwa inabadilisha vitu vya ofisi. Zilikuwa mbili, na hazikufanana kwa lolote: moja kubwa ya zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, inawaka kwa kunguruma, nyingine nyembamba nyeusi, kimya, ndiyo pekee iliyokubali intaneti. Ya kwanza tuliiita Bibi, ya pili Bi Harusi. Printa ilimtambua Bibi peke yake. Lakini kibodi ilikuja moja na mausi moja, pamoja na kile kiboksi. Fundi aliyezifunga akatueleza kwamba waya za kibodi na mausi zinaingia kwenye kiboksi, na kutoka hapo waya moja inakwenda kwa Bibi na nyingine kwa Bi Harusi. Ukibonyeza kitufe unaandika kwa huyu, ukibonyeza tena unaandika kwa yule. "Kule ofisini mhasibu alikuwa anazitumia zote mbili peke yake," akasema. Mama Loveness akasema kibodi ya pili atainunua akienda Arusha. Alikwenda Arusha mara nyingi mwaka ule.

Nimelifikiria sana hilo la mhasibu. Kitu kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kompyuta mbili, na mtu mmoja anajua alichobonyeza. Sisi tulikuwa wawili, kila mmoja na mteja wake amesimama mbele yake, na katikati ya meza Mama Loveness alikuwa amesimamisha kartoni ili wateja wasisomeane mambo yao. Kibodi ilipita chini ya kartoni, huku na huku, kama sahani ya watu wanaokula pamoja. Kiboksi kilikaa chini ya meza, tunakibonyeza kwa kupapasa, na vile vitaa vyake viwili vya kuonyesha zamu ni ya nani vilikuwa vimeshakufa kabla hakijatufikia. Wiki ya kwanza tuliandikiana upuuzi. Barua ya mtu ya kuomba kazi ya ulinzi ilijikuta ina namba ya simu ya mtu anayeomba chuo. Ndipo Namnyak akavua bangili.

"Tuiweke juu ya kioo," akasema. "Ikiwa kwa Bibi, kibodi iko kwa Bibi. Ikiwa kwa Bi Harusi, usiguse."

Ikawa sheria. Unabonyeza kitufe, halafu unahamisha bangili, halafu unasema "nimechukua", na mwenzako anajibu "chukua". Kwa mpangilio huo huo, kitufe kwanza. Tulizoea mpaka tukawa hatusikii tena tunavyosema. Wateja nao wakazoea. Kuna mzee mmoja wa vitunguu alikuwa akichungulia mlangoni, akiona bangili iko kwa Bi Harusi anarudi zake nje kununua karanga. Na kazi ilikwenda, usidhani haikwenda. Wakati intaneti ya Namnyak inajifikiria kama ifungue ukurasa au isifungue, mimi nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua.

Niseme na hili, kwa sababu bila hili hutaelewa. Bibi alikuwa na nafasi ndogo tumboni, kwa hiyo barua zote za watu niliandika kwenye faili moja tu, jina lake Barua. Mteja akichukua karatasi yake, maneno yake yanabaki kwenye kioo mpaka aje mwingine, na akija mwingine nafuta: chagua yote, futa, sevu. Vidole vyangu vilifanya hivyo bila kuniuliza, kama vinavyomenya kitunguu huku ninaongea na mtu. Na Bibi alikuwa anaganda. Unaandika, hasogei. Dawa yake ilikuwa kurudia, na akizidi, unalifunga faili kwa vidole, bila mausi, na kulifungua upya.

Baba yake Namnyak, Mzee Sironga, alikuja kiangazi, wakati upepo unabeba makapi ya ngano mpaka ndani ya chai. Alikuja kutibiwa koo. Nikisema koo mtu atadhani mafua, na hayakuwa mafua. Alifikia kwa binti yake, kwenye chumba alichopanga nyuma ya soko, na siku ambazo haendi hospitali alikuja kukaa nasi dukani, kwenye kiti cha plastiki, shuka mbili begani, fimbo ameilaza chini ya meza tukijikwaa nayo. Siku ya kwanza nilimwinamishia kichwa, akanigusa utosini kwa kiganja kikavu.

"Takwenya."

"Iko," nikajibu, nilivyofundishwa.

"Huyu ndiye Mmbulu wako?" akamuuliza binti yake, kwa Kiswahili, makusudi nisikie. Wambulu ndilo jina wanalotuitia sisi Wairaqw.

"Ndiye, baba."

"Mbona mdogo. Wambulu walionifukuza mimi walikuwa warefu."

"Walikufukuza kwa nini, babu?" nikauliza.

"Kwa ajili ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

Akafikiri kidogo. "Hapo ndipo tulipokuwa hatuelewani."

Sauti yake hata wakati ule ilikuwa kama mtu anayeburuta ngozi kavu sakafuni. Daktari alikuwa amemwambia Namnyak kwamba sauti ndiyo itakayoondoka kwanza, kabla ya mengine. Na mzee alikuwa na kazi na sauti yake. Wanawe wa kiume walikuwa wameshahama na mifugo, mikoa ya chini, mbali, siku mbili kwa basi, na wajukuu walikuwa wanazaliwa huko. "Watajuaje maji yalikuwa wapi?" alikuwa akiuliza, na hakuwa anamuuliza mtu. Kwa hiyo Namnyak aandike. Aandike njia ya ng'ombe wa baba yake, kutoka Nainokanoka mpaka milima ya Loliondo, kituo kwa kituo: wapi walinywesha, wapi kulikuwa na chumvi ya kulamba, nani alichimba kisima kipi, nani alizaliwa njiani na nani alizikwa njiani. Namnyak alikuwa na simu ya kitochi, lakini hata ingekuwa ya kurekodi mzee asingekubali. Alisema ile si sauti yake, ni ya mgonjwa, hataki ibaki. Maneno yabaki.

Kwa hiyo kila wateja walipopungua, kibodi ilihamia kwa Namnyak na mzee akafumba macho. Nikifumba yangu leo nakiona chumba chote. Kikombe cha chai ya maziwa kimepoa, mzee anakunywa funda moja na kusubiri, anaisikiliza ikishuka. Mama Loveness anakata karatasi kwa rula. Namnyak amejiinamia, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo, anaandika. Mzee aliongea Kimaasai, na Kimaasai kilipita karibu nami siku zote zile kama magari ya watalii: nilisikia mlio, niliona vumbi, sikujua ndani kuna nani. Mara mojamoja alinionea huruma.

"Hili liandike kwa Kiswahili, Mmbulu asikie. Kituo cha saba. Hapo maji yalikuwa chini sana, na sisi hatuchimbi. Tukamwita mtu wa kwao, anaitwa Tluway. Mchoyo. Alikula kwetu siku nne, hakumwachia hata mbwa mfupa. Lakini alijua maji."

"Baba, niandike na mchoyo?"

"Andika. Watoto wakinywa maji matamu wajue aliyachimba mtu wa namna gani."

Nilicheka mpaka mteja wangu akaniuliza kama barua yake ina kosa.

Walifika kituo cha kumi na moja. Vilikuwa vimebaki viwili. Namnyak alikuwa akisevu kila kituo, nilikuwa namwona, anabonyeza na kutikisa kichwa kama mtu aliyefunga fundo. Nakala nyingine haikuwepo. Flashi tulikuwa tumeahidiwa na mwalimu mmoja, na kuprinti mzee alikataa mpaka imalizike, alisema njia haikatwi katikati. Faili lilikaa wazi pale kwa Bi Harusi siku nzima, likimsubiri.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Namnyak alimshika mzee mkono wakaenda kwa mama ntilie wa jirani, maana uji ndio uliokuwa bado unapita. Mama Loveness alikuwa Arusha. Bangili ilikuwa juu ya Bi Harusi. Akaingia Deo, dereva wa watalii, miwani ya jua imekaa kichwani, alitaka barua ya kuomba kazi kwenye kampuni nyingine.

"Dada Paska, ukiniandikia vizuri nitakupeleka kreta ukaone wanyama."

"Nitakaa wapi?"

"Mbele. Wageni wakae nyuma."

"Na nani atawaeleza ndege?"

"Wewe si upo?"

Huyo Deo hakuwa na maana yoyote, alikuwa anaongea wanavyoongea madereva. Lakini mimi nilikuwa nimeshapanda gari. Nilikuwa nimeshakaa mbele, nimeshavaa kofia. Nikanyoosha mkono juu ya kartoni nikachukua bangili, nikaiweka kwa Bibi, nikasema "nimechukua" ingawa hapakuwa na mtu wa kuniitikia, na Deo, aliyezoea kutusikia, akasema "chukua". Nikaivuta kibodi. Kitufe sikubonyeza.

Chagua yote, futa, sevu. Bibi hakutikisika. Barua ya mteja wa jana imekaa vilevile, yah: kuomba nafasi ya ulinzi. Nikasema ameganda. Nikarudia. Chagua yote, futa, sevu.

"Bibi yako amelala," Deo akasema.

"Huwa anasikiliza kwanza," nikasema, na nikalifunga faili kwa vidole ili nilifungue upya. Halikufungika. Nikampiga Bibi kofi la ubavuni, tulivyozoea. Nikashika mausi, mshale haukusogea. Ndipo nikapapasa chini ya meza, na kidole changu kikakuta kitufe kimeingia ndani. Kikiwa ndani ni Bi Harusi. Nakumbuka nilibaki nimeinama hivyo, uso uko karibu na fimbo ya mzee, harufu ya moshi na mafuta ya ng'ombe inatoka kwenye mti wake. Nikainuka nikachungulia juu ya kartoni. Kioo cha Bi Harusi kilikuwa kitupu, ile picha ya vilima vya kijani iliyokuja nayo, hakuna faili lolote lililo wazi.

Halafu nikakibonyeza kitufe, nikamwandikia Deo barua yake. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kulielewa kuhusu mimi. Niliandika vizuri, sikukosea hata neno. Nilijiambia labda Namnyak alilifunga mwenyewe kabla ya kutoka. Ningeweza kulifungua nione, ilikuwa ni kubonyeza mara mbili tu, na sikubonyeza. Nikaprinti, nikairudisha bangili juu ya Bi Harusi, nikaweka kila kitu kilivyokuwa. Saa nane kasorobo umeme ukakatika mji mzima, nami nikashukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru. Namnyak aliporudi akamkuta Bibi kimya na Bi Harusi mweusi, akasema leo basi, akampeleka mzee kupumzika.

Asubuhi yake niliwahi kuja, nikapangusa vumbi mara mbili. Namnyak akaketi, akafungua faili. Nilikuwa nasikiliza upande wa pili wa kartoni. Nikasikia kibonyezo cha kushuka, kinashuka, kinashuka. Halafu cha kupanda.

"Paska."

"Naam."

"Njoo uone."

Nikaenda kuona. Ukurasa mweupe mmoja. Mzee alikuwa amekaa nyuma yetu, amefumba macho, amejiandaa kwa kituo cha kumi na mbili.

"Sikusevu?" Namnyak akaniuliza. Akiniuliza mimi.

"Ni umeme," nikasema.

"Lakini nilisevu. Kila siku nilisevu."

Nikasema, "Labda ulidhani umesevu."

Maneno matatu. Kosa la kitufe lilikuwa kosa, mtu anaweza kusamehewa, nilikuwa msichana, nilikuwa nacheka. Lakini hayo maneno matatu niliyasema nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, namtazama usoni. Na nikaona yanavyoingia. Aliutazama mkono wake wa kulia pale juu ya kibodi, akautoa taratibu, akauweka mapajani.

Alimwambia baba yake kwa Kimaasai. Mzee akasema kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu, "Tuanze tena." Wakaanza. Siku hiyo walifika kituo cha pili, Namnyak ameweka sikio karibu kabisa na mdomo wake, na mimi nimeacha kuandika barua za watu ili kelele isimfunike. Siku iliyofuata ilikuwa pumzi tu. Iliyofuata ilikuwa midomo. Namnyak alikuwa anakisia jina na mzee anakataa kwa kichwa, anakisia lingine, anakataa, mpaka machozi yakawa yanamtoka huku anaendelea kukisia. Siku ya mwisho mzee alinyoosha kidole chake kirefu akabonyeza kibodi mwenyewe, herufi moja, akasubiri, herufi nyingine, akasubiri, mtu ambaye hakuwahi kusoma, kama anayetupa vijiwe kisimani asikie kama maji yapo. Mstari mmoja wa herufi zisizo na maana. Namnyak aliusevu, akausevu tena, akaniita nishuhudie kwamba amesevu.

Wanawe walikuja kumchukua wampeleke nyumbani Nainokanoka, na kabla ya mvua za vuli tukapata habari. Baada ya mazishi kaka mkubwa alipita dukani kuchukua fimbo, ilikuwa imesahaulika chini ya meza. Hakumsemesha Namnyak. Alimsemesha Mama Loveness, kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya. "Tulimwachia maneno ya mzee, mama. Tulidhani aliyesoma atatunza." Namnyak alikuwa nyuma ya kartoni. Mimi nilikuwa nyuma ya kartoni. Bangili ilikuwa juu ya Bibi.

Mwisho wa mwaka nilirudi Buger. Sikuwa mwongoza watalii, na wala simlaumu mtu. Nina kibanda changu cha kuprinti karibu na shule, kompyuta moja na kibodi yake. Kuna mwaka pale shule walitaka kunipa kompyuta ya pili, nikasema nafasi hakuna, na nafasi ilikuwepo. Fundi mmoja, siku moja anafungua skrubu, nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kama maandishi yaliyofutwa yanaweza kurudi. Akasema mara nyingine yanarudi, yakitafutwa mapema, kabla kompyuta haijaendelea kuandikiwa. "Mradi mtu aseme," akasema, akaendelea na skrubu zake.

Basi hiyo ndiyo droo niliyokuwa nimeishika wakati Namnyak anageuka.

"Umeona nini?" akauliza. Halafu akaona mwenyewe. Akaitoa bangili kwenye waya, akajaribu kuivaa, haikupita kiganja. Akatabasamu. "Tumenenepa." Sasa yuko zahanati, kule Samunge, milima ileile ya Loliondo aliyokuwa akiitaja baba yake, na alikuwa amesafiri siku mbili kuja kuzika. Akaketi juu ya boksi la karatasi, anazungusha bangili kidoleni. "Unajua wenzangu kazini wananiitaje? Mama Tatu. Dawa nahesabu mara tatu. Nikishaandika kadi ya mtu narudi kusoma, nafunga kabati, narudi kuangalia kama nimefunga. Wagonjwa wanachoka kunisubiri. Siuamini huu mkono, Paska. Tangu hapa."

Ningenyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya uzoefu.

"Si mkono wako," nikasema, na nikamweleza. Deo, kofia, bangili, kitufe. Alisikiliza anaangalia kiboksi.

"Kitufe hukubonyeza," akasema.

"Sikubonyeza."

"Na bangili ulihamisha."

"Nilihamisha."

"Na asubuhi ukaniambia labda nilidhani."

"Ndiyo."

Hakulia wala hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili, nilikuwa navitaka. "Kaka zangu hawajaniita kwenye shughuli hata moja," akasema.

"Nasikia."

"Husikii."

Kisha akatoa simu kwenye mkoba, simu nzuri, akabonyeza, akailaza juu ya meza kati yetu, pale ilipokuwa inapita kibodi. Namba za sekunde zikaanza kuhesabu. "Ulikaa hapa siku zote," akasema. "Mimi nilikuwa naandika. Anayeandika hasikii, anakimbizana na herufi. Wewe ulikuwa unasikiliza. Sema. Kituo cha kwanza."

Nikafumba macho, na vyote vikaja. Kikombe. Kiti cha plastiki. Makapi ya ngano kwenye chai. Jinsi alivyokuwa anasema jina halafu anatulia kidogo, kama anamsubiri mwenye jina apite. Nikamwambia hivyo.

"Jina gani?"

Nikaendelea kufumba. Nilimsikia mzee vizuri kabisa, ule mburuto wa ngozi kavu, unapanda na kushuka, na sikuwa na neno hata moja ndani yake.

"Tluway," nikasema. "Kituo cha saba. Alikuwa mchoyo."

"Huyo ninaye," akasema Namnyak. "Endelea."

Nje magari yalikuwa yanapita kwenda getini, moja baada ya jingine, na simu ikaendelea kuyarekodi.